Maisha ya Elmer Sperry, Fundi wa Pia

Mhariri wa gazeti letu hututaka kila muhula tuandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Katika magazeti yaliyopita tumesoma habari za wafalme, majemadari na wasafiri, nami sina neno nao. Walakini safari hii nimemchagua mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi. Kwa marubani na mafundi wa eropleni jina lake ni kubwa, ingawa hapa shuleni nilipowauliza wenzangu bwenini hakuna aliyemjua. Sababu yangu ya kumchagua ni Bibi yangu mzaa mama, nami nitaieleza mahali pake.

Bwana Elmer Ambrose Sperry alizaliwa tarehe 12 Oktoba, 1860, katika kijiji kiitwacho Cincinnatus, jimbo la New York, Marekani. Mama yake alifariki mara baada ya kumzaa, na baba yake alikuwa mtu wa kwenda huku na huku akitafuta kazi. Basi mtoto akalelewa na babu yake na bibi yake, pamoja na shangazi yake aliyeitwa Helen. Baadaye alipopata binti wa kwanza alimpa jina lile lile la shangazi.

Alipokua kidogo alihamia na jamaa zake mji wa Cortland ulio karibu, akasoma huko hata akaingia chuo cha ualimu cha mji ule. Lakini ualimu haukumwingia moyoni. Kilichompendeza ni vyuma, magurudumu na umeme, ambao wakati ule ulikuwa jambo jipya kabisa. Mwaka wa 1876 alikwenda Philadelphia kwenye Maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani. Humo mlikuwamo injini moja ya mvuke, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, iliyoendesha mashine zote za ukumbi mzima. Sperry alikuwa bado hajatimiza miaka 16 au ndiyo kwanza anaitimiza. Wasomaji wa Kidato cha Pili wapime wenyewe umri huo.

Mwaka wa 1883, akiwa na miaka 22 tu, alifungua kampuni yake katika mji wa Chicago. Kazi yake ilikuwa kutengeneza taa kubwa za umeme za barabarani, zile zilizotoa mwanga kwa kurusha moto kati ya vijiti viwili vya kaboni. Taa zake ziliwekwa hata juu ya mnara wa jengo la Board of Trade, zikaonekana kutoka mbali sana. Hata hivyo fedha hazikuja kama mwanga ulivyokuja. Mwaka wa 1887 alimwoa Bibi Zula Goodman, wakajaliwa watoto wanne: Helen, Edward, Lawrence na Elmer mdogo. Msomaji aliweke akilini jina la Lawrence.

Miaka zaidi ya 20 iliyofuata nitaipita upesi, maana ni orodha ndefu ya mashine: za kuchimbia makaa ya mawe, za kuendesha tramu, motokaa za umeme, betri. Tabia yake ilikuwa moja. Aliingia katika kazi ambayo bado haina wenyewe, akatatua tatizo gumu lililokuwamo, akachukua hati ya uvumbuzi, kisha wengine wakijaa yeye huondoka. Mpaka anakufa alikuwa na hati zaidi ya 300. Mimi nadhani mtu wa namna hiyo angepata taabu sana na ratiba ya bweni letu.

Sasa tufike kwenye pia. Kila mmoja wetu amepata kucheza pia utotoni. Ikizunguka kwa kasi husimama wima kwa ncha yake, na kasi ikipungua huanza kuyumba kama mlevi, mwisho huanguka. Mfaransa mmoja, Bwana Léon Foucault, mwaka wa 1852 alitengeneza pia ya namna yake, gurudumu zito lililotiwa ndani ya pete zinazoweza kugeuka kila upande, akalitumia kuonyesha kwamba dunia inazunguka. Yeye ndiye aliyekiita chombo hicho jairoskopu, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kuzunguka na ya kuona.

Muhula uliopita Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha jambo hili kwa gurudumu la baiskeli ya mlinzi, naye mlinzi alisimama mlangoni muda wote kuhakikisha kwamba linarudi. Tulilishika kwa mhimili wake, huku na huku, mwingine akalizungusha kwa nguvu. Tuliona mambo mawili. La kwanza, gurudumu linalozunguka halitaki kugeuzwa. Lilipoelekea ndipo linapotaka kubaki, hata wewe ukizunguka chumba kizima. La pili ni la ajabu zaidi. Ukilisukuma upande mmoja, lenyewe halitii upande ule bali hupinda kwa upande mwingine, robo ya mzunguko mbele. Nguvu yangu ilikuwa ikienda chini, na gurudumu likanigeuza kushoto, wenzangu wakacheka. Vyombo vyote vya Bwana Sperry vimejengwa juu ya ukaidi huu wa aina mbili.

Kwanza alikwenda baharini. Wakati ule meli zilikuwa za chuma tupu na zimejaa umeme, na dira ya sumaku hupotoshwa na chuma. Mwaka wa 1910 alifungua kampuni yake ya jairoskopu katika Brooklyn, New York, na mwaka wa 1911 dira yake isiyotumia sumaku ilijaribiwa katika manowari ya Marekani iitwayo Delaware. Dira hiyo huitafuta kaskazini ya kweli kwa kuufuata mzunguko wa dunia yenyewe. Lakini hapa yapasa kusema kweli: hakuwa wa kwanza. Mjerumani, Bwana Hermann Anschütz-Kaempfe, alikuwa amekwisha tengeneza dira ya namna hiyo kabla yake, akamshtaki Sperry huko Ujerumani. Mtaalamu aliyeitwa na mahakama kuipima kesi hiyo alikuwa Profesa Albert Einstein, na maoni yake yalikuwa upande wa Mjerumani. Vitabu vingi vya sifa huliruka jambo hili.

Katika familia hiyo aliyependa eropleni hasa alikuwa Lawrence, aliyezaliwa mwaka wa 1892. Eropleni za siku zile zilikuwa za mbao na vitambaa, na rubani hakuweza kuziachia mikono hata dakika moja. Baba na mwana wakatengeneza mtambo wa jairoskopu uliounganishwa na mabawa na mkia, ili eropleni ikiinama mtambo uirudishe wenyewe. Tarehe 18 Juni, 1914, yakafanywa mashindano ya usalama wa eropleni karibu na Paris, juu ya mto Seine. Lawrence, kijana wa miaka 21, alipita mbele ya watu na eropleni yake ya kutua majini akiwa ameinua mikono yote miwili juu, na fundi wake Mfaransa, Emil Cachin, akatoka nje akatembea juu ya bawa. Kwa desturi eropleni ingelalia upande wa uzito. Hii ilitikisika kidogo, ikanyooka, ikaendelea na safari yake. Walipewa zawadi ya faranga 50,000. Miezi miwili haijatimia vita kuu ikaanza, na akili za Sperry, kama za wavumbuzi wengi wa Ulaya na Marekani, zikachukuliwa na kazi za vita, hata akajaribu kutengeneza eropleni ya kubeba mabomu isiyo na rubani. Sehemu hiyo ya maisha yake sikuipenda, lakini siwezi kuificha.

Baada ya hapo akageukia chombo kidogo tu cha kumsaidia rubani kujua kama anakwenda sawa au anapinda. Huenda msomaji akauliza, je, mtu mzima hajui kwamba anapinda? Hajui. Ndani ya sikio mna mirija mitatu midogo yenye maji, nayo ndiyo hutuambia kwamba tunageuka. Kugeuka kukiwa kwa polepole na kwa mwendo ule ule, maji yale hutulia, na mtu huona kwamba amesimama. Mwalimu wetu alimfunga macho mwenzetu mmoja, akamkalisha juu ya kiti cha ofisi kinachozunguka, akamzungusha taratibu. Baada ya muda mfupi yule mwenzetu aliapa kwamba kiti kimesimama, na kiliposimamishwa kweli akashika mikono ya kiti kwa nguvu akidhani anazungushwa kinyume. Basi mfikirie rubani ndani ya wingu zito, hana upeo wa macho, hana ardhi, na masikio yake yanamwambia uongo kwa sauti ya upole. Marubani wengi wa zamani walikufa hivyo. Walitoka chini ya mawingu wakizunguka kama jani, na eropleni yenyewe ilikuwa nzima.

Chombo cha Sperry cha kuonyesha kupinda kilifaa, lakini hakikutosha. Na hapa ndipo msiba ulipoingia nyumbani kwake. Tarehe 13 Desemba, 1923, siku ya ukungu, Lawrence aliruka peke yake kutoka Uingereza katika eropleni ndogo sana iliyotengenezwa na kampuni yake mwenyewe, akikusudia kuvuka mlango wa bahari kwenda Ufaransa. Hakufika. Mwili wake ulionekana baharini tarehe 11 Januari, 1924. Zilikuwa zimebaki siku 8 tu atimize miaka 31 siku ile alipopotea. Mzee Sperry alikuwa na miaka 63. Angeweza kustaafu na hakuna ambaye angemlaumu.

Hakustaafu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuja kwake afisa mmoja wa jeshi la anga, Bwana James Doolittle, aliyekuwa pia msomi wa uhandisi. Bwana huyu alitaka kuruka na kutua bila kuona nje kabisa, akahitaji chombo cha kumwonyesha eropleni imelala vipi hewani, na kingine cha kumwonyesha imeelekea wapi bila kuyumbayumba kama dira ya sumaku. Mzee akampa kazi hiyo mwanawe mdogo, Elmer. Vikapatikana vyombo viwili ambavyo mpaka leo vimo katika maelfu ya eropleni ndogo. Cha kwanza ni upeo wa bandia: kioo cha duara, ndani yake mna mstari mmoja unaobaki sawa na ardhi siku zote, na alama ndogo ya eropleni mbele yake. Cha pili ni chombo cha mwelekeo, chenye duara la namba za nyuzi 360. Tarehe 24 Septemba, 1929, katika uwanja wa Mitchel, New York, Doolittle alijifungia chini ya turubai ndani ya eropleni, akapaa, akazunguka, akatua, jumla dakika 15, akitazama vyombo tu na kusikiliza mawimbi ya redio. Mwenzake, Luteni Ben Kelsey, alikaa kiti cha mbele tayari kwa hatari, lakini hakuhitaji kugusa kitu.

Sasa naomba ruhusa kumwacha Bwana Sperry kidogo nije nyumbani, maana sifa za chombo kwenye vitabu ni jambo moja na chombo chenyewe kikiwa na vumbi ni jambo jingine.

Mjomba wangu ni fundi wa eropleni katika uwanja mdogo ambao sitautaja. Likizo iliyopita aliniruhusu nimfuate kazini kwa siku nne, nami nilifungua macho kuliko nilivyopata kuyafungua darasani. Eropleni nyingi mpya zina vioo vya umeme visivyo na gurudumu ndani, lakini za pale kwa Mjomba karibu zote bado ni za namna ya Sperry. Katika eropleni hizo ile pia huzungushwa kwa upepo. Injini huendesha pampu, pampu huvuta hewa kutoka ndani ya vyombo, na hewa mpya huingia kupitia chujio na kulipiga gurudumu kwenye vijikombe vyake, kama maji yapigavyo kinu. Gurudumu hilo dogo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kile chombo cha kuonyesha kupinda kwa kawaida huendeshwa na umeme, kusudi pampu ikifa rubani asipoteze vyote pamoja.

Adui wa gurudumu la namna hiyo ni vitu vidogo mno: vumbi, mafuta yaliyokauka, hata moshi wa sigara, maana zamani marubani walikuwa wakivuta sigara ndani na lami ya tumbaku ikaziba chujio. Vumbi likifika kwenye beringi, gurudumu hupata msuguano, kasi hupungua, na pia huanza kuyumba kama zile za utotoni. Ubaya wake ni kwamba haisemi. Chombo kilichovunjika kabisa ni heri, maana rubani huona kimekufa akakiacha. Kile kinachochoka polepole hulaza mstari wa upeo kidogo kidogo, na rubani aliye ndani ya wingu huufuata mstari huo kwa uaminifu mpaka eropleni inalala ubavu.

Ndiyo maana fundi hutafuta ugonjwa kwa utaratibu, kama daktari. Mjomba huanza na geji ya mvuto. Katika eropleni nyingi ndogo yapasa isome kati ya 4.5 na 5.5, kwa kipimo cha inchi za zebaki. Upeo na mwelekeo vikiwa vimelegea vyote viwili, kosa si la vyombo, ni la kitu wanachokitumia pamoja: pampu, mipira ya kupitisha hewa, kidhibiti au chujio. Kikilegea kimoja tu, mtuhumiwa ni chenyewe au mpira wake. Nilidhani ni rahisi, nikasema kwamba mvuto ukiwa mdogo si ukaze tu ile skrubu ya kidhibiti uongezeke. Mjomba alinitazama kama mwalimu wa zamu anavyomtazama aliyechelewa gwaride. Akanieleza kwamba hilo ndilo kosa la mafundi wavivu. Chujio limeziba, wao wanakaza kidhibiti. Geji inasoma vizuri, wanafurahi. Siku mtu mwingine akibadili chujio, mvuto unazidi mno, gurudumu linazunguka kupita kiasi na beringi zinaungua. Badili chujio kwanza, ndipo uguse skrubu.

Kuhusu chombo cha mwelekeo nilijifunza jambo lililonifurahisha, kwa sababu linatuhusu sisi tunaokaa karibu na ikweta. Pia hubaki ilipoelekea, lakini dunia iliyo chini yake inageuka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo chombo huonekana kama kinahama. Kuhama huko hutegemea umbali kutoka ikweta. Katika New York kwa Bwana Sperry ni karibu nyuzi 10 kwa saa. Dodoma, iliyo nyuzi 6 kusini, ni nyuzi moja na nusu tu hivi kwa saa. Rubani hufundishwa kukilinganisha na dira ya sumaku kila baada ya dakika 15, na kikihama zaidi ya nyuzi 3 katika muda huo hutiliwa shaka. Basi huko New York fundi aweza kuisingizia dunia. Hapa kwetu dunia haina hatia, na kikihama sana tazama beringi.

Tena chombo chenye pia hubebwa kama yai. Hakifunguliwi kutoka mahali pake mpaka gurudumu limesimama kabisa, na hilo huchukua dakika 10 au zaidi baada ya injini kuzimwa. Wala fundi wa uwanjani hathubutu kukifungua ndani. Hukipeleka kwenye karakana ya vyombo yenye chumba kisichoingia vumbi.

Sasa habari ya Bibi. Masika moja, nilipokuwa bado shule ya msingi, Bibi aliugua tumbo vibaya kijijini kwetu milimani, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Kijiji kina kiwanja cha majani cha kutua eropleni ndogo, na ikakubaliwa kwamba eropleni ije kumchukua. Ilikuwa ile ile aliyokuwa akiitunza Mjomba, yaani mtoto wa Bibi. Asubuhi rubani aliwasha injini, akangoja dakika zake 5, akaanza kuiendesha polepole ardhini. Desturi ni kwamba hapo mstari wa upeo uwe umekwisha simama sawa, na eropleni ikikata kona ardhini usiiname zaidi ya nyuzi 5. Siku ile ulikuwa umelala. Mjomba akatazama geji, ikawa chini ya 4. Akaizuia eropleni.

Chujio lilikuwa safi. Alifuata mipira kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, akakuta ule ulio karibu na injini umekauka kwa joto na kupasuka. Mpira angeweza kuubadili kwa nusu saa. Lakini aliona vipande vya ndani vya mpira ule vimemeguka, na alijua vimekwenda wapi. Pampu hizo zina mapanga ya kaboni ambayo huvunjika ghafula yakipata kitu kigumu. Milima ya kwetu ilikuwa imefunikwa na mawingu tangu alfajiri. Akasema kwamba eropleni haiondoki mpaka ipatikane pampu nyingine, na pampu ilikuwa mjini.

Simu ilipofika nyumbani kwamba eropleni haiji leo, na kwamba aliyeizuia ni Mjomba mwenyewe, mama yangu alilia kwa hasira. Wazee walisema maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la shule. Mimi nilikaa usiku ule nje ya chumba cha Bibi nikimsikia akiguna, nikamchukia Mjomba kwa moyo wangu wote. Pampu ilifika usiku kwa motokaa, akaifunga kwa mwanga wa taa ya mkononi, na eropleni ikatua kwetu saa 1 asubuhi, mawingu yakiwa yamegusa miti. Bibi alipasuliwa mchana ule akapona.

Miaka imepita, na likizo hii nilimwuliza Mjomba kama pampu ile ya zamani kweli ingevunjika njiani. Alisema hajui. Aliifungua baadaye akakuta panga moja lina ufa, lakini ufa huo ungeweza kukaa saa moja au mwezi mmoja. Nilitaka aseme kwamba ingevunjika. Hakusema hivyo, akaendelea kufuta spana zake.

Turudi kwa Bwana Sperry tumalize. Mwanzoni mwa mwaka wa 1929 alikuwa amekwisha iuza kampuni yake ya jairoskopu, ingawa aliendelea na uvumbuzi wake mwingine. Mmoja ulikuwa behewa la kukagua reli, lililoanza kazi mwaka wa 1928: lilipita juu ya njia ya treni likitafuta kwa umeme nyufa zilizo ndani ya chuma, zisizoonekana kwa macho. Ameacha taa na pia akarudia kule kule kutafuta kosa lililojificha. Mke wake alifariki mwaka wa 1930, naye akamfuata mwaka huo huo, tarehe 16 Juni, mjini Brooklyn, akiwa na miaka 69. Serikali ya Marekani ilikuja kuipa meli moja ya jeshi la majini jina lake.

Jioni ya mwisho kule uwanjani Mjomba alizima injini ya eropleni moja, akanifanyia ishara ninyamaze, tukaweka masikio karibu na ubao wa vyombo. Kelele zote zilipokwisha ikabaki sauti nyembamba kama ya mbu, ikipungua polepole sana. Alikuwa akisikiliza kama kuna mkwaruzo wa beringi. Haukuwepo. Tulikaa hivyo mpaka sauti ikaisha, nikatazama saa yangu, dakika 12.

Niliporudi kijijini nilimsomea Bibi habari hii yote, kutoka Cincinnatus mpaka Brooklyn, nikimfasiria palipokuwa pagumu. Alisikiliza kwa utulivu huku akichambua mchele. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu: kama Mjomba amekwisha sema lini atamlipa usiku wake mmoja.